Maswali yenu ya okidi: Kabla hujalipa, angalia mizizi

Wapenzi wa okidi habari zenu. Safari hii maswali karibu yote ni ya maonyesho ya mimea, wengine ndo mnaenda mara ya kwanza, wengine mmesharudi na mimea na sasa mna wasiwasi nayo, kwaiyo nimechukua sita na kila moja nimelijibu kadri lilivyonigusa, mtaona la kwanza ni refu kuliko mengine yote.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina okidi tatu dirishani, zote Phalaenopsis nilizopewa zawadi, zinaendelea vizuri. Wiki ijayo naenda maonyesho ya okidi kwa mara ya kwanza na nataka kuongeza mbili tatu za aina nyingine. Naogopa kununua kitu kizuri alafu kinifie mikononi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia nyumbani, tena leo, usisubiri siku yenyewe. Saa sita mchana nenda pale dirishani unapotaka kuweka mmea, nyoosha mkono juu ya meza kama sentimita 30 hivi uangalie kivuli chake. Kama kivuli kimekatika vizuri mpaka unahesabu vidole, hapo una mwanga mkali wa kutosha okidi za Cattleya, na hata Vanda inaweza kukaa ila hiyo mizizi yake inaning'inia wazi kwaiyo ujue utailowesha karibu kila siku. Kama kivuli kipo ila kingo zimefifia, hapo ni pa Phalaenopsis na Paphiopedilum, ile ambayo ua lake lina mfuko kama kiatu. Ukiona hamna kivuli kabisa basi hapo bila taa okidi haitachanua, itakaa tu inakula akiba yake mpaka iishe.

Alafu tafuta kipimajoto kile kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini, kiache hapo siku nne tano. Usiku ndo unaoamua mambo mengi kwenye okidi na watu wengi hawaujui usiku wa nyumba yao. Phalaenopsis haipendi ishuke chini ya nyuzi 15 au 16, Cattleya nyingi zinaridhika na 13 mpaka 16, na kuna hizi Masdevallia za milima ya Andes, zimezoea ukungu na baridi, zinataka usiku wa nyuzi 10 mpaka 13. Nazitaja kwa sababu ndo utakazozikuta mezani zimechanua rangi ya chungwa kali mpaka unasahau kilichokuleta. Nyumba yako kama ina joto usiku kucha, usiinunue, hata kama imebaki moja. Hiyo haifi kwa sababu hujui kutunza, inakufa kwa sababu umeipeleka mahali sipo.

Hivo vipimo viandike kwenye karatasi uende nayo. Ukimwambia muuzaji mwanga wangu ni wa aina hii, usiku kwangu ni nyuzi 17, una nini cha kunifaa, yule anayeijua mimea yake ataacha kukuonyesha maua ataanza kukuonyesha mimea, na hiyo ni tofauti kubwa sana. Asiyejua atakwambia zote ni rahisi tu. Huyo muache.

Ukifika zunguka mara moja nzima bila kununua. Najua ni ngumu, ukumbi mzima unanukia, ila zunguka. Na kila unaposimama jikumbushe kwamba ua unaloliona lina mwisho, la Phalaenopsis linaweza kukaa miezi miwili mitatu, la Cattleya wiki mbili tatu tu hivi, baada ya hapo mwaka mzima unaishi na majani na mizizi. Kwaiyo unachonunua ni majani na mizizi.

Nikueleze kilichonifundisha. Kuna maonyesho nilishika Cattleya moja ya zambarau ina maua manne, majani yanang'aa, nimeshaipenda. Nikaishika shina kwa vidole viwili nikaitikisa kidogo ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikamuuliza muuzaji, kaka naomba nione mizizi kama haitakusumbua, na yeye bila neno akaichomoa kwenye chungu, magome ya mti yaliyopandiwa yakamwagika mezani, na mizizi yote ilikuwa kahawia, laini, ukiuvuta mmoja ganda linavuka lote unabaki na uzi mwembamba kama wa kushonea. Aliutazama ule mmea, akauweka chini ya meza, akanipa mwingine wa aina ile ile hauna ua hata moja, lakini ukitikisa chungu kinakuja nao na ncha za mizizi ni kijani kibichi zinatafuta pa kwenda. Huo ndo niliondoka nao, na kila mwaka unanichanulia.

Mzizi mzuri ukishauona mara moja hutausahau. Okidi nyingi tunazofuga ndani asili yake ni kukaa juu ya miti, kwaiyo mzizi umevikwa tabaka kama sponji linaloitwa velameni, linafyonza maji ya mvua haraka kabla hayajapita. Ukiwa mkavu unakuwa na rangi ya fedha, ukiudondoshea maji unageuka kijani hapo hapo unaangalia. Phalaenopsis nyingi zinauzwa kwenye vyungu vya plastiki vinavyoonyesha ndani, geuza uangalie pande zote. Na chunguza katikati, kwa sababu zile zinazozalishwa kwa wingi zinaanzishwa zikiwa ndogo kwenye kidonge cha mosi, yale majani laini ya sponji, alafu zinahamishiwa chungu kikubwa na kile kidonge kinabaki pale pale kati, nje kumekauka wewe unamwagilia na ndani kumelowa mwezi mzima. Mizizi ya pembeni mizuri, ya katikati imeoza.

Kama ni jamii ya Oncidium angalia yale mashina yaliyovimba kama vitunguu, yakiwa yamejaa ni vizuri, la zamani la nyuma likinyauka kidogo sio shida ila yakiwa yote yamekunjamana jua mizizi hainywi. Majani yakiwa na mikunjo mikunjo kama kinanda cha mkono maana yake yalikosa maji wakati yanakua, ile mikunjo haitanyooka tena lakini haiui, unaweza kuomba upunguziwe bei kwa ajili hiyo.

Kwa mtu wa Phalaenopsis tatu mi ningekushauri moja ya jamii ya Oncidium na moja Paphiopedilum yenye majani ya madoadoa, maana hizo za madoa kwa kawaida zinavumilia joto la ndani kuliko zile za majani ya kijani tupu. Mbili zinatosha. Ukizielewa hizo kwa mwaka mmoja utarudi unajua unachotaka.

SWALI: Shangazi, nimenunua mmea una lebo imeandikwa Onc. Sharry Baby 'Sweet Fragrance' AM/AOS. Muuzaji alikuwa amezungukwa na watu sikupata nafasi ya kumuuliza. Hayo yote yana maana gani na kuna haja ya kuitunza hiyo lebo?

JIBU: Itunze kama cheti cha kuzaliwa, nakuomba. Onc. ni kifupi cha Oncidium, hilo ndo jina la jamii. Sharry Baby ni jina la uzao, yaani mtu alichanganya wazazi wawili na watoto wote wanaotoka kwa wazazi hao, hata wakiwa elfu, wanaitwa hivo, na majina haya yanasajiliwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza. Hilo la kwenye alama za kunukuu ni la mmea mmoja tu kati ya hao watoto, ambao mtu aliuona ni bora akaupa jina lake peke yake, na ulio nao wewe ni kipande cha huo huo au umezalishwa maabara kutokana na chembe zake. Kwaiyo ukikuta siku nyingine lebo ya Sharry Baby bila hilo jina la pili, huyo ni ndugu wa tumbo moja na wako, anaweza kufanana na anaweza kutofautiana.

AM/AOS ni tuzo, AM ni daraja lake na AOS ni chama cha okidi cha Marekani kilichoitoa. Wanahukumu kwa pointi mia, kuanzia 75 mpaka 79 inaitwa HCC, kuanzia 80 mpaka 89 ni AM, kuanzia 90 kwenda juu ni FCC, na hiyo ya mwisho hutaiona mara nyingi. Tuzo ilitolewa kwa maua ya siku ile mbele ya waamuzi, haikuahidi kwamba ya kwako yatakuwa vile vile, hiyo ni kazi ya mwanga na maji utakayompa. Ila harufu atakuletea, yanapochanua sogea karibu utasikia chokoleti kabisa, mi nilivyoisikia mara ya kwanza nilidhani kuna mtu anakula nyuma yangu.

Saa ingine utakuta jina la kwenye lebo halifanani na la kwenye vitabu. Sio kosa la muuzaji lazima, wataalamu wamehamisha okidi nyingi kutoka jamii moja kwenda nyingine, kwa mfano ile iliyokuwa Laelia purpurata saa hizi ni Cattleya purpurata na wakulima wengi bado wanatumia la zamani. Usifute, andika jipya nyuma.

Alafu tumia penseli. Wino wa kalamu ya maka unafifia kwenye jua, baada ya miaka miwili unabaki na kipande cha plastiki cheupe, penseli inabaki. Na andika lebo ya pili uizike ndani ya chungu. Okidi ikishapoteza jina karibu haiwezekani kulirudisha, maana mchanganyiko wa rangi ile ile unaweza kuwa nao mamia.

SWALI: Mi na mume wangu tunabishana. Yeye anasema tununue miche midogo kwa sababu tunapata mingi kwa hela ile ile, mi nasema tununue iliyochanua. Nani yuko sawa?

JIBU: Kwa sasa wewe, dada yangu, ila mumeo asikate tamaa. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula ndani, porini inategemea fangasi maalumu ailishe ndo iote. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea Lewis Knudson alionyesha kwamba inaota kwenye chupa yenye jeli ya sukari na madini bila fangasi, na ndo maana leo mnakuta miche mezani kwa bei ya kawaida. Lakini kuota sio kuchanua. Phalaenopsis kutoka mbegu inachukua kama miaka miwili mpaka mitatu, Cattleya minne mpaka saba, na Paphiopedilum rothschildianum unaweza kusubiri miaka 10. Mche mdogo pia unakauka haraka na kuoza haraka, kosa dogo ambalo mmea mkubwa haulioni yeye linammaliza.

Ule uliochanua una faida ingine, unaliona ua lenyewe. Miche ya mbegu kila mmoja ni mtu wake, picha wanayoweka mezani mara nyingi ni ya mzazi. Kama ni ya maabara kutoka chembe za mmea mmoja hapo picha inaaminika zaidi.

Cha kufanya ili nyumba iwe na amani ni kuuliza mimea iliyokaribia kuchanua, wauzaji wengi wanayo, inakuwa imebakiza msimu mmoja au miwili, bei iko katikati na mmea una nguvu ya kuvumilia makosa. Mnunue miwili ya hiyo, na mumeo achague mche mmoja awe wake, autunze yeye. Siku ukichanua mtakuja kuniambia.

SWALI: Kulikuwa na mtu anauza okidi zimefungwa kwenye vijiti, hazina lebo, akasema ni za porini na ni adimu ndo maana hazipatikani kwingine. Zilikuwa nzuri. Nilifanya vibaya kutonunua?

JIBU: Ulifanya vizuri sana na mimi nakushukuru. Hili jambo linaniuma. Kuna Paphiopedilum vietnamense, wanasayansi waliitambulisha rasmi mwaka 1999, na ndani ya miaka michache tu wakusanyaji walikuwa wameing'oa makwao Vietnam mpaka ikawa karibu imeisha porini. Hao waling'oa kwa sababu kuna watu wananunua, hakuna sababu ingine.

Biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES, uliosainiwa 1973 ukaanza kufanya kazi 1975. Okidi zote zimo, na jamii nzima za Paphiopedilum na Phragmipedium ziko kwenye orodha ya kwanza ile kali, ambayo hairuhusu biashara ya zilizochukuliwa porini. Muuzaji aliyetoka nchi nyingine lazima awe na vibali na cheti cha afya ya mimea, na ukiuliza anakuonyesha bila kukasirika. Na mmea wa porini unaujua ukiutazama kwa makini, mizizi imekatwa mifupi au imeng'olewa na ganda la mti, majani ya zamani yana makovu na matundu ya wadudu, saa ingine ukungu wa kijivu umeota juu yake, alafu mezani kuna mikubwa kwa midogo haifanani hata kidogo. Ya kitaluni inafanana umri, mizizi imeshika chungu, ina lebo.

Tena hata ukiweka pembeni sheria na huruma, nyingi ya hizo zinakufa. Imezoea mti wake na hewa yake, ikakatwa mizizi, ikafungwa kwenye kijiti, ikasafiri. Aina hiyo hiyo ukiitaka itafute kwa mkulima anayeotesha kwa mbegu, utasubiri lakini utaipata.

SWALI: Shangazi nimerudi na okidi tano nikazipanga pamoja na zangu za zamani. Baada ya wiki tatu naona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, sasa viko hadi kwenye za zamani. Nimekosea wapi na nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwanangu. Hao ni wadudu wanaoitwa vidung'ata, walikuja na moja ya hizo tano wakiwa wadogo wamejificha chini ya ala za majani, yale maganda yanayokumbatia shina, na wanakaa hadi kwenye mizizi, kwaiyo mezani usingewaona hata ungetazama. Ulipokosea ni pale tu ulipozichanganya siku ya kwanza. Mmea mpya, hata uwe umetoka kwa mtu unayemuamini kuliko wote, ukae chumba kingine wiki nne mpaka sita, umwagiliwe mwisho baada ya zile za zamani, na kila wiki uugeuze uangalie chini ya majani.

Kwa sasa tenganisha zote zenye dalili. Chukua pamba ya masikioni uichovye kwenye spiriti, mguse mmoja mmoja, zile ala zilizokauka zibandue maana ndo nyumba zao. Rudia kila baada ya siku tano sita kwa mwezi mzima hata ukiona wameisha, mayai yanaendelea kuanguliwa. Zilizozidiwa zitoe kwenye vyungu, tupa magome yote, osha mizizi, panda upya. Na ukiona sisimizi wanapanda kwenye okidi usiwapuuze, mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na hao wadudu. Ila tone moja moja la utamu kwenye kikonyo cha ua peke yake bila mdudu ni kawaida, mmea wenyewe unalitoa.

Ukiwa unakata kata, mkasi upitishe kwenye moto kabla hujagusa mmea mwingine. Kuna virusi viwili vinavyosumbua okidi kila mahali, vimepewa majina ya okidi za Cymbidium na Odontoglossum, vinahama kwa utomvu kupitia visu na hata vyungu visivyosafishwa, na havina dawa. Mmea wenye michirizi ya weusi iliyozama kwenye majani, au ua lenye rangi iliyopasuka pasuka bila mpangilio, usiulete nyumbani hata ukipewa bure.

SWALI: Phalaenopsis niliyonunua ilikuwa na matumba manane. Imefika nyumbani, ndani ya siku nne tu, matumba sita yameanguka. Nimeiua?

JIBU: Hapana, mmea uko hai, ni safari tu. Matumba yanaanguka yakipata mabadiliko ya ghafla, gari lililosimama juani, upepo wa kiyoyozi unaolenga mmea, kiu ya njiani, au gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva, kwaiyo kama uliiweka meza moja na bakuli la matunda, ihamishe. Safari nyingine funga kikonyo kwenye kijiti, zungushia karatasi mmea mzima, uweke chini miguuni usianguke, na ufike nao moja kwa moja nyumbani usipitie kwingine.

Sasa hivi usiipande upya na usiipe mbolea nyingi kuifariji. Hayo mawili yaliyobaki yaache yafunguke. Yakishaisha tazama kikonyo, kikiwa bado kijani kata juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kuanzia chini, mara nyingi tawi jipya la maua linatokea hapo baada ya miezi miwili mitatu. Kikikauka kahawia, kata chini kabisa.